Mtu wa Sitini

Jumanne, 2 Septemba 1986. Bugembe.

Daftari jipya. La zamani lilichomwa na askari wa serikali iliyopita, wakachemshia chai. Nilikuwa nimeandika ndani yake kwamba ni wezi wa kuku. Bado nasema.

Mzee Kirunda, jirani yangu, zamani tarishi wa mahakama, hapendi nikiandika Kiswahili. Eti ni lugha ya bunduki, mwanamke mzima anaandikaje siri zake kwa lugha ya kambini. Nikamwambia mimi shule sikukanyaga hata siku moja. Herufi nilifundishwa na mke wa Kantilal, kwa chaki, sakafuni jikoni kwake, nilipokuwa yaya wa watoto wao. Yeye hakujua Kisoga, mimi sikujua Kigujarati. Tulikutana kwenye Kiswahili. Halafu Wahindi wakafukuzwa wote, mwaka wa sabini na mbili. Duka lao bado linatazamana na mlango wangu, tupu, mbao zimepigiliwa misumari. Mchana ukinyamaza nasikia mkasi ndani unakata kitambaa. Panya, anasema Kirunda. Panya gani anakata kwa kunyoosha vile!

Sasa habari yenyewe. Serikali mpya inataka kila mtaa uchague halmashauri yake. Hakuna karatasi. Watu wanasimama mstari nyuma ya wanayemtaka, wanahesabiwa. Kila mtaa unapanga siku yake wenyewe mwezi huu. Afande Wamboga, mkubwa wa kazi hii mashariki yote, atakwenda mwenyewe kwenye mtaa wa kwanza tu. Kwingine atatuma karani.

Na Afande Wamboga ndiye mwenye kitabu cha makambi. Wote waliopandishwa lori na askari, na walikopelekwa, wameandikwa mle.

Mwanangu Bogere alipandishwa lori tarehe 9 Machi 1982, akitoka kazini kiwandani Jinja. Miaka minne na nusu. Wengine wananipa pole ya msiba. Nawarudishia pole yao.

Bugembe tutakuwa wa kwanza. Basi.

Jumatano, 3 Septemba

Mkutano barazani kwa Kantilal. Nimepanga tarehe 20. Mgombea ni Kirunda, kwa sababu peke yake hakukimbia nilipotafuta mtu. Akasema hataki. Nikasema hujaulizwa, Bwana.

Saa kumi basi la Mbale likasimama. Kondakta akanipa barua. Ya Nakato!

Nieleze. Nakato ni pacha wangu, ameolewa Nakaloke, mbele ya Mbale. Kwetu Busoga pacha wa kike anayetoka kwanza ni Babirye, wa pili ni Nakato. Mimi ni Babirye. Jina langu lenyewe ni ushahidi. Lakini miaka sitini na tatu huyu mtu anadai mkunga alikosea, na kwamba yeye ndiye alitangulia, mimi nikamvuta mguu akarudi ndani.

Barua inasema Nakaloke watachagua tarehe 18, na niwasalimie watu wa Bugembe, wa pili.

Mumewe, Mafabi, mwalimu wa Kurani, alichukuliwa mwaka uleule wa Bogere. Najua. Shemeji yangu nampenda, hajawahi kunijibu vibaya. Lakini mwana ni mwana.

Nimejibu: tarehe 17.

Ijumaa, 5 Septemba

Yeye 16. Mimi 15. Yeye 14. Mimi 13, kwa kondakta yuleyule, mchana uleule. Kondakta amechoka. Amesema sisi vikongwe wawili tukiendelea hivi tutapiga kura mwaka jana.

Kirunda akaenda ofisini Jinja akarudi na mambo matatu. Kwanza, ilani lazima ikae ukutani siku sita, kwa hiyo hakuna anayeweza kushuka chini ya tarehe 11. Pili, Nakaloke wameshachukua tarehe 11, saa tatu asubuhi. Tumechukua na sisi. Saa tatu! Jambo la tatu, Afande amesema kama ni sare ataanzia Mbale, mji mkubwa.

Mji mkubwa! Nimepiga meza, chai ikamwagika yote.

La nne Kirunda alilisahau, akalikumbuka akiwa mlangoni anaondoka. Mtaa usiofikisha watu wazima sitini hauhesabiwi, unaunganishwa na jirani.

Nangobi, mke wa Bogere, alikuwa anachagua mchele. Akauliza bila kuinua uso tuko wangapi. Nikasema tuko wa kutosha. Akasema haya, Mama.

Jumamosi, 6 Septemba

Tuko arobaini na watatu. Nimehesabu mara tatu, mara ya tatu nikamhesabu na kichaa wa sokoni, tena kwa heshima.

Kumi na saba wamepungua. Kabla ya vita wangejaa na kubaki.

Basi mchana baada ya adhuhuri nikaenda makaburini na daftari. Sikuiba majina. Mimi si mwizi. Nilisimama kwa kila mmoja nikasoma Fatiha, nikaomba ruhusa. Nikamwambia fundi cherehani, ndugu yangu, ni kura moja tu, utarudi kulala. Nikamwambia Ramula, aliyekuwa anauza maandazi kituoni, njoo tu, hakuna atakayekudai chenji. Wale wasio na kaburi niliwaita penye kichaka, kule lori lilipokuwa linageuzia.

Hakukuwa na upepo hata kidogo. Majani ya migomba yamesimama kama yamechorwa. Kila nilipoandika jina, jani moja liliinama, likainuka. Moja tu. Kumi na sita nimeandika, kumi na sita yameinama.

Nimerudi mbiombio. Kwa sababu ya jua.

Jumapili, 7 Septemba

Bado mmoja.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Nimepita majina yote ya wafu wa mtaa, wamekwisha. Ajabu! Mtaa umeishiwa hata wafu.

Kisha nikajicheka. Mbona yupo mtu mzima wa mtaa huu ambaye sikumwandika, tena ni mzima? Nikaandika: sitini, Bogere.

Nangobi akaona. Akaniambia Mama, huko umewaandika marehemu, usimtie yeye. Nikamwambia simtii kwa marehemu, namtia kwa wakazi. Yeye ni mkazi. Kitanda chake kipo, shati lake umelipiga pasi mwenyewe Ijumaa. Jioni nikampakulia mnofu wote wa kuku, akala akilia, nikamwambia kula, ukikonda Bogere atanilaumu mimi.

Jumanne, 9 Septemba

Mazoezi. Mpango wangu ni mzuri mno, nashangaa serikali haijaniajiri.

Afande atakaa kitini barazani, atasoma majina. Marehemu kila mmoja ana mtu wake wa kumwitikia. Nimegawa. Muuza mkaa atamwitikia fundi cherehani kwa sauti nene. Ramula nimemwitikia mimi mwenyewe, kwa puani, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Halafu kicheko kikakatika chote mara moja, kama kimezimwa. Muuza mkaa akasema Jaja, bibi yetu, hebu tusiwaige tena. Nikamwita mwoga. Lakini tulifunga mazoezi.

Bogere nimemwachia Nangobi. Amekataa. Nitajua la kufanya.

Na lile la Afande kuanzia Mbale? Hapo sasa! Barabara ya Mbale inapita wapi? Mlangoni kwangu! Nimetafuta gogo na mapipa mawili ya lami. Nchi hii imefundishwa miaka kumi na tano: ukiona gogo barabarani, unasimama. Hata rais atasimama, atatafuta kitambulisho.

Alhamisi, 11 Septemba

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika. Saa mbili gogo liko barabarani. Kirunda kando yake, amevaa koti la mahakama, meno yanagongana. Landrova ikaja. Ikasimama! Yenyewe! Dereva akatoa kitambulisho kabla hajaombwa. Kirunda alitakiwa kusema karibu Bugembe. Hakutoa hata pumzi. Nikafungua mlango wa gari mwenyewe nikasema Afande shuka, mwanangu, wapiga kura wako wamelowana.

Akalitazama gogo. Akacheka. Akasema miaka mitano msituni anawawekea watu magogo, leo bibi kamwekea yeye. Kijana mrefu, macho ya mtu asiyelala. Nikampa chai na muhogo akala palepale. Akasema sawa, Bugembe kwanza.

Bugembe kwanza! Nilimfikiria Nakato amekaa Nakaloke anatazama barabara. Nilifurahi. Niandike ukweli, nilifurahi sana.

Mstari ukawekwa. Kirunda mbele kabisa, anatutazama, sisi nyuma yake mmoja mmoja. Mimi nilijiweka wa mwisho, nichunge wasitoroke. Wa arobaini na tatu. Nyuma yangu ua mtupu, halafu ukuta wa Kantilal.

Afande akatoa amri. Uso mbele. Atakayegeuka au kutoka, mstari umevunjika, yeye anakwenda zake Mbale.

Kiti tulichompa hakukikalia. Alishuka barazani na orodha. Akaanza kutembea, anasoma jina, anamgusa mtu bega, anahesabu. Moja. Mbili. Jasho likanitoka kama maji ya bomba. Mpango wangu ulikuwa na sauti. Haukuwa na mabega!

Arobaini na mbili. Arobaini na tatu, Babirye. Nipo. Mkono wake ulikuwa mzito, una baridi ya mvua.

Akanipita.

Hatua zake zikaendelea nyuma yangu. Akasoma jina la fundi cherehani. Nipo. Arobaini na nne. Hatua. Jina. Nipo. Arobaini na tano. Nikasema moyoni watu wangu wamefanya kazi, sauti wanazipitisha vizuri. Lakini sauti hazikutoka mbele. Zilitoka nyuma. Akasoma Ramula. Nipo, kwa puani. Mimi mdomo wangu ulikuwa umefumbwa.

Hakuna kuku aliyelia. Hakuna gari lililopita.

Sitini, Bogere.

Nipo.

Nilimzaa. Nilimfundisha neno hilo. Sauti ilitoka mbali kidogo, kama mtu aliyesimama karibu na ukuta ili asilowe.

Shingo yangu ilitaka kugeuka. Niliishika. Niliishika kwa meno! Nikasema, Babirye, ukigeuka sasa, Afande anaondoka na kitabu, Nakato ni wa kwanza, na mwanao hatafutwi. Nikaangalia kisogo cha mtu wa mbele yangu. Kina kovu dogo la jipu. Nitalijua kovu hilo mpaka nife.

Afande akasema sitini, kamili, mstari uvunjwe. Nikageuka.

Ukuta.

Kirunda mwenyekiti.

Nikamfuata Afande barazani kabla hajakaa. Nikamwambia nataka mwanangu. Jina, Bogere, tarehe 9 Machi, lori la kijani. Akafungua kitabu kikubwa, kidole kikaanza kushuka. Kikasimama. Akavuta orodha yangu. Akanitazama kwa upole, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Akasema Mama, huyu ni wa sitini. Ameitika. Nimemgusa bega. Alikuwa na joto.

Nikasema hayupo, Afande! Akasema ama yupo, nisimtafute, ama hayupo, na orodha yako ni ya uongo, Bugembe haikuchagua. Chagua mwenyewe, Mama.

Sikuweza kusema hayupo mara ya pili.

Akafunga kitabu. Akaagizwa kwa redio ya gari arudi Jinja haraka. Nakaloke hakufika.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimezunguka nyumba hadi nyumba kuwashukuru kwa sauti zao. Muuza mkaa akasema nimsamehe, aliogopa, hakuitikia. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo. Wote kumi na watano wananiomba msamaha!

Nikaenda kwa Kirunda. Yeye alikuwa mbele, uso kwa uso na mstari wote. Nikamwambia Bwana Mwenyekiti, uliona nini nyuma yangu? Akasema alifumba macho tangu arobaini na nne. Tazama mtu wa kutuongoza!

Uani matope yameshaanza kukauka. Nyayo za mstari bado ziko. Zangu hizi hapa, pana, kandambili. Nyuma yangu kuna nyingine. Na nyingine. Mpaka ukutani. Zimeelekea mbele zote, hakuna iliyoingia wala iliyotoka.

Nangobi alizifuata taratibu mpaka ya mwisho. Akachuchumaa, akaweka kiganja ndani yake. Kisha akaifunika kwa beseni, kuku wasiikanyage, akaingia ndani.

Jumatatu, 15 Septemba. Nakaloke.

Nimekuja kwa Nakato. Ndiyo. Mimi.

Nakaloke wamechagua leo, mbele ya karani aliyetumwa. Lakini Nakato ameandika orodha mbili: waliopo na waliopotea. Hakuchanganya. Karani atapeleka ya waliopotea kwa Afande, na huko kitabu kitafunguliwa tena. Nimeomba Bogere aingie kwenye ya Nakaloke, kama mtoto wa dada.

Nakato alinitazama kutoka kandambili hadi kilemba. Akasema alisimama barabarani siku nzima na chakula cha Afande kimefunikwa kwa ungo. Akasema Mafabi wake angekuwa ameshasomwa. Akasema ataliandika jina, ila kwanza nitamke, mbele ya majirani, nani alitoka kwanza.

Nikatamka. Nakato. Kwa sauti. Watoto wa jirani walipiga vigelegele. Halafu yule mjinga akanikumbatia tukalia mpaka maharage yakaungua.

Mchana karani akasoma orodha. Baada ya kila jina anauliza kama kuna anayejua mtu huyu yu hai, aseme, afutwe. Nakato alikuwa ameniapisha nisiseme neno. Nilikuwa nimejaza pindo la leso mdomoni. Akasoma Mafabi. Kimya. Nakato akanishika mkono, kucha zikaingia.

Akasoma Bogere.

Jina likakaa pale hewani peke yake. Mtoto wangu anaitwa mbele za watu na hakuna wa kumwitikia. Nikatema leso.

Nikasema yupo!

Karani akainua kalamu. Akauliza kwa nini wameitika wawili.

Wote wakaangalia nyuma yangu. Safari hii niligeuka haraka. Uzio wa matete tu, unatikisika kidogo, kama mtu ametoka kuuegemea.

Jina limefutwa. Nakato haongei na mimi. Ameniwekea chakula, lakini amekiweka kwa kishindo.

Alhamisi, 18 Septemba. Bugembe.

Nimerudi. Orodha ya Nakato imekwenda kwa Afande, Mafabi yumo. Namwombea shemeji yangu, kweli kabisa.

Mwezi ujao kuna uchaguzi mwingine, wa kamati za akina mama, mtaa kwa mtaa. Afande Wamboga atazunguka tena na kitabu. Nangobi amenikalisha chini. Amesema Mama, sikiliza. Kuwa wa kwanza ndiko kumetuponza. Mtu akianza kazi ana haraka, anawaza safari. Akimaliza ndipo anakaa, anakunywa chai, anafungua kitabu ukurasa kwa ukurasa. Tuwe wa mwisho, bila hila, tuseme ukweli.

Nimelifikiria tangu chai mpaka adhuhuri. Msichana ana akili! Nimekubali. Nimemtuma Kirunda Jinja kuandikisha: Bugembe, tarehe 31 Oktoba, wa mwisho kabisa.

Saa kumi basi likasimama. Kondakta akanipa barua bila kunitazama. Nakato naye amewaza hivyohivyo. Nakaloke wamechukua tarehe 31, jioni. Anasema wa mwisho kutoka ndiye mama alimpumzikia, mimi sikuwa na subira tangu tumboni.

Ati nini!

Nimeandika palepale: Bugembe, 1 Novemba. Kondakta akafumba macho, akapokea.

Wanataka sitini tena. Wanawake kwa wanaume wataruhusiwa kusimama, nimeuliza. Nimeshaanza orodha, kesho nitapita makaburini kuomba upya. Hila? Hakuna hila. Nimebadilisha kitu kimoja tu. Bogere nimempandisha, ni wa hamsini na tisa. Wa sitini ni mimi, nyuma yake.

Watuamuru tena uso mbele. Watuamuru tu! Nitautazama mgongo wake mpaka wachoke kuhesabu.